Sauti ya Mshtarii Niliyoichelewesha

Nilitoka Gitega kwenda Muyinga, hapa kwetu Burundi, kurudisha redio ambayo ilipaswa kurudi kwa mwenyewe miezi minne nyuma. Ilikuwa ya Mwalimu Bahati, Mkongo wa Kivu ya Kusini aliyenifundisha fizikia. Kwa redio hiyo ya masafa mafupi alisikiliza sayari kubwa, Mshtarii, na kuandika saa za kelele zake kwenye daftari. Ilipoharibika aliniletea, nikaitengeneza kwa wiki moja. Halafu nikaibakiza dukani kwa baba, mtaa wa Waswahili, maana ilikamata habari za vita kuliko redio zote na wateja walijaa. Kila Mwalimu alipoandika kuidai nilijibu kwamba barabara ni mbaya. Ilikuwa mbaya kweli, lakini malori ya maharage yalipita.

Barua ya mwisho iliandikwa na mkewe, Mama Neema. Alisema mumewe ameumia, nipeleke redio kama ningali nayo.

Saa moja asubuhi nilipanda lori. Huko Karuzi, kwenye kizuizi, askari aliniuliza ninazungumza na nani kwa chombo kile. Nikamweleza kwamba ni cha kusikilizia tu. Tulikaa juani mpaka saa saba ndipo wakatuachia.

Muyinga tulifika alasiri. Mama Neema alinipa chai, akanisimulia polepole. Wiki tatu nyuma bomu lilitupwa njiani wakati Mwalimu anatoka shule. Hakutoka damu nyingi, ila masikio yote mawili yalikufa.

Mwalimu alinikaribisha kwa sauti kubwa mno, ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. Nikamwandikia ukweli wote kuhusu duka, nikaomba radhi. Alisoma, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Alfajiri tulifunga waya wa antena kati ya miti miwili. Alinieleza kama darasani: mwezi mmoja unaoizunguka Mshtarii una volkeno zinazotema gesi, gesi hiyo inachajiwa umeme, inakuwa plazma, sumaku ya sayari inaikamata na kuizungusha, na humo yanazaliwa mawimbi ya redio yanayotufikia hapa. Kwa hesabu za daftari lake, asubuhi ile mwezi huo ungekuwa mahali pake.

Sauti ikaja. Kwanza mvumo wa kupanda na kushuka, kisha mipasuko ya haraka. Yeye alikuwa akiutazama uso wangu.

“Bon, Hawa, inakuja?”

Nikatikisa kichwa kukubali.

“Usiniandikie. Nionyeshe iko namna gani.”

Nikaushika mkono wake, nikaupigapiga kwa vidole, taratibu, kisha mbiombio kama mvua inayofika kwenye bati, kisha nikatulia. Alifumba macho mpaka kelele ilipokwisha.

“Miezi minne, mwanangu,” alisema. “Mi nilikuwa bado nasikia.”

Nikamsogezea daftari aandike saa.

Kesho yake nilirudi Gitega na lori lilelile. Njia nzima sikusimamishwa. Baadaye Mama Neema aliniandikia kwamba kila alfajiri Mwalimu anaweka kiganja juu ya spika, anangoja itikisike, kisha anaandika saa.

Watu wakiniuliza nilichojifunza safarini, nawaambia kweli. Niliisingizia barabara. Redio ile niliipenda kwa sababu ilijaza duka letu, na mwenye kunyimwa alikuwa mtu aliyenifundisha kusikiliza.