Mashine ya Povu Niliyoipima Vibaya

Mpaka leo nikisikia maji yakikoroma ndani ya bomba, viganja vyangu vinatoka jasho. Najua ni upuuzi. Mtu mzima mwenye nyumba ya matofali Bomani, hapa Tarime mjini, hapaswi kuogopa bomba. Lakini naogopa, na aliyeileta sauti hiyo mpaka sebuleni ni mimi mwenyewe.

Miaka ile ya dhahabu nilikuwa na duara langu, yaani shimo la kuchimbia, na aliyeshuka ndani yake alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, kitinda mimba wa mama yetu. Mimi nilikaa juu na kutoa amri. Maji yalipoanza kujikusanya chini, nilinunua pampu. Nilipima urefu wa duara kwa kamba, nikapima na upana wa mdomo wake, nikaenda dukani na vipimo vyangu kwenye karatasi, nikachukua pampu iliyolingana navyo. Mchimbaji mmoja wa siku nyingi aliitazama, akatikisa kichwa, akaniita mura, yaani kijana kwa Kikurya.

"Mura, hilo duara lako halinywi maji yake peke yake. Linapokea na ya majirani."

Nilimwambia ashughulike na duara lake. Mimi nina kasoro hiyo: mtu akinifundisha jambo ambalo nimeshalitolea hela, namwona adui. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne, maduara ya upande wa juu yalitapika maji yake ndani ya letu. Pampu ilikoroma, ikakoroma, ukuta ukashuka, na mdogo wangu akabaki chini ya maji na kifusi. Hatukumtoa. Baadaye eneo lile lilifungwa, likazungushiwa uzio, na mtu hakuruhusiwa hata kusogea pale kuomboleza. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Lakini sikio lililokataa kusikia lilikuwa langu, na aliyekufa ni mwingine.

Mwaka uliofuata nilinunua tanki la samaki wa baharini.

Watu walicheka. Wenzangu waliopata dhahabu walinunua ng'ombe, wakaongeza wake. Mimi, mzaliwa wa Nyansurura, niliyeijua bahari kwa kalenda za ukutani tu, nikashusha glasi ya lita mia tatu sebuleni. Mke wangu alisema, "Umekosa pa kuweka akili, umenunua pa kuweka maji." Nililiona tanki kama lile kwenye hoteli moja ya Nairobi, nikasimama mbele yake mpaka chai yangu ikapoa. Yale yalikuwa maji ambayo unaona mpaka chini. Sikuwa na sababu nyingine.

Dukani Nairobi, kijana aliyeniuzia tanki, chumvi ya kukorogea maji na matumbawe hai alinieleza kuhusu mashine ya povu. Samaki wakila na kunya, maji yanapata uchafu usioonekana, na baharini uchafu huo unachukuliwa na mawimbi. Kwenye tanki hakuna mawimbi. Mashine inavuta maji ndani ya bomba pana lililosimama, inayachanganya na vipovu vidogo sana, uchafu unanata kwenye vipovu, unapanda juu kama povu la maziwa yanayotaka kumwagika, na kuangukia kwenye kikombe. Unamwaga kikombe, basi. Aliniwekea mezani tatu: ndogo, ya kati na kubwa.

"Tanki langu ni lita mia tatu," nilisema. "Hii ndogo imeandikwa lita mia tatu."

"Bosi, hiyo imeandikwa ya tanki iko na samaki kidogo. Usipime glasi. Pima wenye wanakula."

Nilihisi damu ikinipanda kichwani. Nilimwambia najua kusoma. Nikalipa ile ndogo, nikavuka nayo mpaka wa Sirari nimeipakata mapajani, na njia nzima nilikuwa na hasira ambazo sikuzielewa.

Nilipoiwasha mara ya kwanza, ilikoroma. Sauti ni ile ile. Mke wangu alikuja kutoka jikoni akanikuta nimekaa sakafuni.

Hata hivyo, miezi miwili ya kwanza ilifanya kazi vizuri. Kikombe kilijaa polepole maji ya rangi ya chai ya rangi, matumbawe yakafunguka, samaki saba wakazunguka bila wasiwasi. Nilianza kuamini kwamba nilikuwa sahihi tangu mwanzo, na nadhani si kuhusu mashine peke yake.

Halafu mama akaja kuishi nasi. Kule Nyansurura nyumba yake ilikuwa imenyamaza mno, alisema. Nilimpokea mzigo, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, kwa sababu alikuwa anatazama tanki.

"Maji haya yanatoka wapi?"

"Nimeyatengeneza mwenyewe, mama."

Akaweka kiganja kwenye glasi.

Tangu wiki ile mashine ikapata wazimu. Asubuhi povu lilikuwa sawa. Mchana, kila siku karibu na saa nane, povu lilikufa kabisa, bomba likabaki maji matupu. Jioni lilirudi kwa nguvu, jeusi, likafurika kikombe na kutambaa mpaka kwenye zulia, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichokaa chini siku nyingi. Nilisafisha, nikarekebisha kimo cha maji, nikafungua mota na kuisugua kwa mswaki. Nikalaumu umeme wa kukatikakatika. Nikampigia kijana wa Nairobi, nikamwita tapeli. Kila nilichofanya hakikusaidia. Matumbawe yalijifunga, glasi ikaota ukoko wa kijani, samaki wawili wakafa siku moja.

Nitasema ukweli: nilianza kuogopa nyumba yangu. Kitu kinachokufa saa ile ile kila siku na kufufuka kimechafuka si kitu cha kawaida. Mdogo wangu alikuwa akipanda kutoka duarani saa nane mchana, kula.

Basi nikaamua. Mbele ya mama na mke wangu nilitangaza kwamba Jumamosi nitayamwaga maji yale yote, niuze glasi, yaishe. Mke wangu alishukuru Mungu. Mama aliweka kikombe chake cha uji chini.

"Usiyamwage," alisema.

"Mama, yameoza. Samaki wanakufa."

"Nimesema usiyamwage. Yale ya kwanza nililia muyamwage, mkashindwa. Haya nakuomba uyaache."

Nilitoka nje bila kuaga. Nilidhani uzee umemchanganya.

Siku iliyofuata nilisahau ufunguo wa stoo, nikarudi nyumbani mchana. Mke wangu alikuwa sokoni. Mlango wa sebule ulikuwa wazi, nikasikia mama anaongea Kikurya, kwa sauti ya chini, ile anayotumia na mtu anayempenda. Nikachungulia.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya tanki, kifuniko cha glasi amekisogeza kando. Magotini ana sahani ya ugali wa mtama na dagaa wa kukaanga, sehemu kamili ya mwanaume aliyetoka kazini. Anamega tonge, analibonyeza, anachovya kwenye mafuta ya dagaa, analiachia majini taratibu. Samaki watano waliobaki wanalikimbilia. "Kula, mura," anasema. "Umechelewa leo." Kisha tonge lingine.

Kwetu mtu ambaye hajazikwa hajaondoka. Ni mtu ambaye hajarudi tu, na asiyerudi anawekewa chakula chake. Mama alikuwa akimwekea chini ya sinia kule Nyansurura mwaka mzima, na kila jioni alikikuta kama alivyokiweka. Kule machimboni uzio haukumruhusu. Maji pekee aliyoweza kuyafikia yalikuwa haya ya kwangu, na humu chakula kililiwa.

Ndiyo maana povu lilikufa saa nane: mafuta yanaua povu. Ndiyo maana lilifurika jioni: mafuta yakishatawanyika, uchafu wa chakula chote ulipanda kwa pamoja. Mashine haikuwa mbovu. Niliichagua kwa glasi na samaki saba, na kumbe tulikuwa na mlaji mwingine ambaye sikumhesabu. Nilipima shimo, sikupima kinachoingia. Mara ya pili.

Mama aligeuka akaniona. Hakushtuka. Alimega tonge, akaninyooshea.

"Mpe na wewe. Hujampa hata siku moja."

Nilitaka kumwambia habari ya pampu. Mwaka mzima alikuwa anajua ni mvua, ni Mungu, ni siku yake ilifika. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema hivyo. Nilipiga magoti kando ya kigoda, nikamwambia yote: kamba, karatasi, yule mchimbaji wa siku nyingi, jibu nililompa. Nililia kama mtoto. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mkono bado umenyooka na tonge ndani yake.

"Mpe," alisema. "Chakula kinapoa."

Nikampa.

Kisha nikatoka uani, nikampigia kijana wa Nairobi. Kwanza nilimwomba radhi kwa kumwita tapeli. Nikamwambia nataka mashine nyingine, na safari hii anichagulie yeye.

"Sawa, bosi. Wenye wanakula ni wangapi sasa?"

"Samaki watano. Na mwingine mmoja."

"Huyo mwingine, ni mkubwa aje?"

Kupitia dirishani nilimwona mama akipangusa glasi kwa khanga yake.

"Amenipita urefu kidogo," nilisema.

Alicheka, akadhani namtania. "Hapo bosi, lazima uchukue ile kubwa kabisa."

Nikamwambia aipakie kwenye basi siku hiyo hiyo.