Pai Kumi na Mbili za Cliff Sugden

Kama kuna mtu mwenye haki ya kuzichukia pai za Krismasi, basi ni Bi Avril Sugden, na alizichukia kweli. Hakumwambia mtu. Miaka thelathini na minane alizisukuma, akazijaza, akazifunika na kuzioka jikoni kwake pale Mtaa wa Bobbin, kwenye kimji cha viwanda vya sufu huko Yorkshire, ambako mvua ikianza Oktoba hakuna anayeuliza itakatika lini. Pai sita kwa kila nyumba, nyumba ishirini na mbili. Piga hesabu mwenyewe, mimi nimeshachoka kwa niaba yake.

Hakuna aliyemlazimisha. Ilianza kwa jirani mmoja aliyevunjika mkono, Avril akampelekea pai sita za pole. Jirani akazisifu. Mwaka wa pili mkono umepona, lakini Avril akaona aibu kuacha, akapeleka tena, na wa nyumba ya pili akauliza, "Kwani sisi tumekukosea nini?" Basi. Mazoea yana taabu. Leo ana miaka sabini na sita, viganja vimevimba viungo, magoti yanalia akipanda ngazi, na kila Desemba mtaa mzima unamngoja.

Kazi yenyewe huanza mwisho wa Oktoba. Matufaha hukatwa vipande vidogo vidogo, yakachanganywa na zabibu kavu, maganda ya machungwa ya sukari, mafuta ya ng'ombe, mdalasini, kungumanga, karafuu, na brandi ya kutosha kumlewesha kasisi. Kisha mchanganyiko hutiwa kwenye chupa, ukakaa kabatini karibu miezi miwili ukiiva wenyewe. Kabla ya kutiwa chupani lazima ukorogwe kwa kuelekea kulia, mkorogaji akiomba ombi lake kimoyomoyo. Hiyo ilikuwa kazi ya mumewe, Cliff. Mwaka huu Avril alimpelekea bakuli kwenye kiti chake, karibu na ile mashine ya oksijeni inayonguruma kama friji kuukuu. Cliff alikoroga mara tatu, pumzi ikamwishia, kijiko akakiachia humo humo.

Daktari alishawaambia mwezi wa Agosti. Mapafu yamekwisha. Hakutaja tarehe, lakini macho yake yalitaja. Walipofika nyumbani Cliff akasema anatamani samaki na chipsi. Zamani Avril alikuwa akimsema kwa ajili ya sigara, na yeye anacheka tu. Sikio la kufa halisikii dawa. Sasa hamsemi tena. Angemsema kwa faida gani?

Asubuhi ya Krismasi, Avril akiwa anamenya viazi, Cliff aliita kutoka sebuleni.

"Mke wangu, mwaka huu nazitaka zote kumi na mbili."

Avril alijua anachosema. Ilikuwa mila ya mama yake Cliff: kuanzia Krismasi, siku kumi na mbili mfululizo, ule pai moja kila siku, kila moja ya nyumba nyingine. Kila pai ni mwezi mmoja mwema katika mwaka unaokuja. Ukikosa moja, mwezi huo utajijua mwenyewe. Na yule mama mkwe alikuwa na masharti yake: pai iwe imepikwa na mkono wa nyumba ile, isiguswe na kisu, na ukianza kuila usitamke neno mpaka punje ya mwisho imeshuka. Cliff hakuwahi kukosa mwaka hata mmoja. Alikuwa akivaa koti na kwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba, na Avril alibaki nyumbani akiwa amenyoosha miguu. Ndiyo mapumziko pekee aliyokuwa akiyapata. Sasa ngazi tatu tu za mlangoni zilikuwa zimemshinda mzee.

"Nitakuletea," alisema, na magoti yakaanza kuuma kabla hajainuka.

Alianza na Janice wa namba nne, mama mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi.

"Pai? Ya Mzee Cliff? Jamani, mbona hiyo ndogo!" Janice aliingia ndani, akatoka na pai kwenye kitambaa cha karatasi. "Chukua haraka kabla wajukuu hawajaiona. Zimebaki mbili tu!"

Avril aliitazama. Juu ya mfuniko wake palikuwa na jani la unga lililopungua ncha moja. Kile kikato chake cha bati, cha kukatia majani ya unga, kilibanwa na mlango wa oveni zamani sana, na tangu siku hiyo kila jani alilokata lilitoka na pengo. Ilikuwa pai yake mwenyewe. Aliipika Jumanne.

"Ahsante, mama," alisema.

Namba kumi na moja, jani lile lile. Namba saba, jani lile lile. "Sisi tupike, na wewe upo?" kijana wa namba saba alicheka. "Si tutakuwa tunakutukana, Bi Avril!" Kufika nyumba ya sita alikuwa ameshaelewa. Wale akina mama wa zamani waliokuwa na pai zao, huyu na siagi nyingi, yule na mafuta ya nguruwe, wengine walikufa, wengine wakahama, na wageni waliokuja hawakuwa na haja ya kujifunza. Alikuwa ameziua pai za mtaa mzima kwa wema wake.

Kila alipofika nyumbani alidanganya. "Hii ya Janice." Cliff aliigeuza mkononi, akaimega kwa vidole, akala polepole na ule mrija puani, kimya kama mila inavyotaka. Kisha akajipangusa mdomo.

"Janice ameendelea," alisema.

Avril hakuwahi kuziamini hizo pai. Miaka yote aliziita porojo za mama mkwe. Lakini siku ya sita, akiwa amesimama kwenye sinki, woga ulimshika ghafla. Na kama ni kweli? Mkono wa nyumba ile, mama mkwe alisema. Basi mumewe alikuwa anakula bure, hana mwezi hata mmoja, na mwenye kosa ni yeye mwenyewe na ukarimu wake. Alitoka tena kesho yake mvuani, na kesho kutwa, akigonga milango na kupokea pai zake. Uchovu aliokuwa nao si wa kulala ukaamka ukaisha. Ulikuwa umeingia kwenye mifupa.

Siku ya kumi na moja Cliff alimaliza kula, akakung'uta vidole.

"Avril, lile jani lako bado limekatika ncha."

Aliketi pale pale mkononi mwa kochi. "Umejua tangu lini?"

"Miaka sita hivi."

"Miaka sita! Na ukanyamaza?"

"Ningesemaje? Ungevaa koti ukaenda kuwafundisha wote kupika. Nakujua." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Avril akamshika bega mpaka kikatulia.

"Kwa hiyo hazihesabiki," Avril alisema, na machozi yakamtoka, machozi ya hasira na ya kuchoka. "Kumi na moja zote, Cliff. Nimekuzungushia pai zangu mwenyewe kama mwendawazimu."

"Zinahesabika. Kuna nyumba gani hapa mtaani ambayo mkono wako haujaingia? Mimi nimezihesabu." Akavuta pumzi mara mbili tatu. "Lakini ya mwisho nataka ambayo hukuipika wewe."

"Niitoe wapi? Nikaiibe?"

"Namba kumi na tisa."

"Kwa Trevor? Yule wa njiwa? Una homa?"

Namba kumi na tisa ndiyo nyumba pekee isiyopata pai. Miaka ishirini na saba iliyopita, paka wa Cliff alimla njiwa wa Trevor Murgatroyd, naye hakuwa njiwa hivi hivi, alikuwa bingwa wa mashindano. Cliff, badala ya kuomba radhi, akasema paka hajui bingwa. Krismasi ile Trevor alizirudisha pai sita, akaziacha juu ya ukuta zinanyeshewa. Hawakusalimiana tena.

Kesho yake asubuhi Avril alisimama kwenye mlango ule, maji yakimchuruzika shingoni. Trevor alifungua kidogo, mzee mrefu, nyusi kama brashi ya viatu.

"Kuna nini?"

"Nataka pai."

"Wewe? Unataka pai? Kwangu?"

"Cliff anaitaka. Moja tu. Uipike kwa mkono wako."

"Sijapika pai tangu nizaliwe."

"Trevor, sina nguvu za kubishana. Ukikataa, kataa tu, nirudi nikaketi."

Trevor alimtazama, viatu vimelowa, mikono ile imevimba. "Hali yake mbaya?"

"Mbaya."

"Saa kumi," Trevor alisema, akafunga mlango.

Saa kumi kamili aligonga, mara ya kwanza kwa miaka ishirini na saba, ameshika sahani iliyofunikwa taulo. Avril alifunua. Loo! Pai ilikuwa nyeusi upande mmoja, nyeupe upande wa pili, imeinama, na mfuniko wake umebonyezwa kwa kidole gumba pande zote.

"Matunda ya chupa, ya dukani," Trevor alisema kwa ukali, "lakini unga nimeukanda mimi."

"Keti basi, umesimama kama polisi," Cliff alisema.

Akaketi. Cliff aliichukua pai, akajaribu kuimega. Wapi! Akaikandamiza kwa mikono miwili. Pai haikutikisika.

"Kisu ni mwiko," Cliff alisema akihema.

"Nina nyundo nyumbani," Trevor alisema.

"Yule paka wangu angekutana na hii, njiwa wako angepona."

Kisha mabega ya Trevor yakaanza kutikisika, na wote watatu wakacheka mpaka Cliff akawa wa buluu midomoni, na Avril akakimbilia kumrekebishia mrija. Pumzi iliporudi, Cliff aliigonga pai kwenye ukingo wa meza, ikapasuka vipande viwili. Akaviweka vyote viwili kwenye sahani, akaisukuma sahani kwa mkewe.

"Kula."

"Ni yako hiyo. Ndiyo Desemba yako."

"Desemba mimi sifiki, Avril. Mimi najua, na wewe unajua. Kumi na moja zinanitosha, na huenda nimejipendelea." Alisema taratibu, akipumzika kila baada ya maneno mawili. "Wewe ndiye utakayefika. Miaka yote hii hujala pai ya mkono wa mtu. Kaa chini ule. Na ikifika hiyo Desemba, usipike. Wapike wao."

Avril alifungua mdomo amjibu, kwamba asiseme hivyo, kwamba daktari naye hukosea. Cliff akainua kidole: kipande kilikuwa tayari mkononi mwa Avril, na mila ni mila.

Akaketi. Akaanza kula. Unga ulikuwa mkavu, chumvi imezidi, upande ule mweusi unauma ulimi. Trevor alitazama zulia. Mashine ilinguruma. Machozi yalimshuka Avril mpaka kidevuni na hakuyafuta, maana mkono mmoja ulishika pai na wa pili ulishikwa na Cliff. Ilimchukua muda mrefu. Aliila yote, hata makombo ya sahani aliyaokota kwa ncha ya kidole, na hakusema neno.