Mpika chapati anayepekua abiria wa Newala

Saa moja kasorobo asubuhi, Agatha Dastani ana madonge ya unga kwenye sinia, na chapati ya kwanza iko kwenye kikaango inaanza kutoa madoadoa. Filimbi inapulizwa barabarani. Basi la kwanza kutoka Newala limesimamishwa kizuizini.

Agatha anaipua chapati, anajifutafuta mikono kwenye khanga aliyojifunga kiunoni na kutoka nje ya banda lake.

"Wanawake huku," anaita. "Wanaume mbaki na askari wenu."

Wanashuka mmoja mmoja na kupanga mstari. Wa kwanza ni bibi mwenye baibui na mkoba wa ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Watoto wazima?"

"Wazima kabisa. Naomba nikupekue."

"Pekua tu, mwanangu," anajibu bibi, huku ameshanyoosha mikono kama mtu anayepimwa nguo kwa fundi.

Wanapita nyuma ya pazia la kitenge lililotundikwa kwenye uchochoro kati ya jiko na ukuta wa mabati. Bibi anatoka muda si mrefu, mgongoni ana alama nyeupe ya vidole vitano. Ni unga. Kwa jinsi Agatha anavyojifuta harakaharaka, kila mwanamke aliyepita kizuizi hiki cha Mkwajuni huondoka na alama hiyo, na mwandishi wa makala haya hakusalimika. Jioni, mhudumu wa nyumba ya wageni mjini Masasi aliniuliza kwa upole ni nani aliyenikumbatia.

Agatha ana miaka arobaini na mitatu na watoto watatu, mkubwa akiwa ni Upendo, ndiyo maana hapa kila mtu humwita Mama Upendo. Si askari wala mgambo, na gwanda hajawahi kulivaa. Ni mama lishe, na upekuzi ulimfuata jikoni.

Kizuizi hiki cha barabara ya Newala kwenda Masasi kiliwekwa baada ya hali ya ng'ambo ya Mto Ruvuma kuchafuka. Askari waliopangwa walikuwa wanaume watupu. Sheria inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha, na pale penye askari wa kiume tu anaweza kuombwa mwanamke yeyote anayefaa. Mtendaji wa kijiji akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaliona banda la chapati.

"Sikuchaguliwa kwa akili wala kwa nguvu," anasema Agatha. "Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa karibu."

Analipwa posho ndogo ambayo, kwa maneno yake, inatosha mafuta ya kupikia, na mwezi mwingine haiji. Lakini anapoulizwa kama upekuzi wenyewe una maana, uso unabadilika. Dada wa mama yake anaishi ng'ambo ya mto. Kuna kipindi alilala porini na wajukuu kwa wiki nzima.

"Mimi nnataka watu wapekuliwe," anasema. "Nimeshaogopa vya kutosha. Ila mtu apekuliwe abaki mtu."

Siku za mwanzo haikuwa hivyo. Wanawake walipekuliwa pembeni mwa basi, na wanaume waliobaki ndani walijazana madirishani upande huohuo mpaka basi likainama. Agatha alivumilia siku tatu. Ya nne alitundika kitenge chake, akasema anayetaka mwanamke apekuliwe amlete nyuma ya pazia. Askari wa wakati ule hawakubisha, kwa kuwa foleni ilikwenda haraka na chai ilikuwa inawangoja.

Nyuma ya pazia hilo ameyaona mengi. Alimpekua dada mmoja aliyevaa vitenge sita, kimoja juu ya kingine, saa nane mchana, mwezi wa Novemba, jasho likimtiririka. Alimpekua mwingine mwenye mimba kubwa, na mimba ikatoa sauti ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa sukari.

"Nilimpa hongera," anakumbuka, "kisha nikamwambia mtoto akalipiwe ushuru."

Kuna na wale wanaojiandaa kupita kiasi. Kina mama wa Newala, anasema, siku hizi hawapandi basi kwenda Masasi bila kuvaa nguo mpya za ndani, kwa sababu hawajui Mama Upendo ataona nini.

Mambo yaliharibika Desemba iliyopita, wakati wa likizo na msimu wa unyago. Koplo mpya, Filemoni, alikuwa amehamishiwa hapa kutoka Singida, na alikuta taarifa kwamba kuna bhangi inavushwa ndani ya mafurushi ya kina mama. Alikuwa mtu wa kazi, viatu vinang'aa hata kwenye vumbi hili jekundu. Akatoa amri: kila furushi lifunguliwe barabarani, mbele ya macho yake.

Siku ya pili ya amri hiyo, likaja basi lenye kina mama kumi na mmoja wanaotoka kuwacheza wali, mabinti wa unyago, vijijini Newala. Aliyewaongoza ni kungwi Bi Mwanaisha, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Mapajani alipakata furushi jeupe lililofungwa kwa shanga.

Ikumbukwe kwamba furushi la unyago halifunguliwi mbele ya mwanaume, hata awe mume, hata awe mchungaji. Hata mwanamke haruhusiwi kuliona ndani kama hajachezwa. Koplo wa watu hakulijua hilo. Akasema, "Mama, fungua."

Bi Mwanaisha alitandika khanga katikati ya lami, akaketi. Wenzake kumi wakaketi nyuma yake.

Basi likakwama. Nyuma yake likaja lori la korosho kutoka Tandahimba, kisha jingine. Abiria wakaanza kuuliza chapati, na Agatha anakiri kwamba biashara siku hiyo haikuwa mbaya.

Ndipo aliposhuka Mwalimu Ashiru, anayefundisha somo la uraia sekondari. Alisimama kwenye ngazi ya basi, akaitaja ibara ya kumi na sita ya Katiba, ya faragha ya mtu, na ya kumi na saba, ya uhuru wa kwenda atakako. Kina mama wakampigia vigelegele. Koplo naye hakuwa mjinga. Akamjibu kwa ibara ya thelathini, kwamba haki hizo zina mipaka yake kwa ajili ya usalama wa wote. Madereva wa malori wakampigia makofi. Wawili hao waliendelea kujibizana mpaka mwalimu akaishiwa ibara, akanunua chapati.

Koplo alimgeukia Agatha.

"Mama Upendo, wewe ndiye mpekuzi. Lifungue hapa nione. Ukikataa, kesho banda lako lisiwepo hapa. Lipo kwenye hifadhi ya barabara."

Hilo la hifadhi lilikuwa kweli, na Agatha alilijua. Banda ndilo linalowasomesha watoto wake, na mume alishaondoka zamani akiahidi kurudi.

"Nikafikiri, nikifungua hapa, hakuna mwanamke wa Newala atakayenipa mkono tena. Nisipofungua, sina banda. Na nikilipeleka ndani, koplo atasema nimewafichia wenzangu. Hapo kwenye kuficha ndipo nilipopata la kusema."

Alimwambia: "Afande, nipekue mimi kwanza. Yaani chagua mwanamke yeyote humu, anipekue nikiingia na nikitoka. Wewe simama pale unapouona mlango. Sitoki na kitu usichokijua."

Koplo akakubali. Akamchagua mchuuzi wa samaki wakavu mwenye uso mkali. Mama yule alimpekua Agatha kwa bidii hata ndani ya kilemba, na harufu ya ng'onda ilikaa kwenye nywele zake mpaka Jumapili, kanisani, ambako watu waliacha nafasi pande zote mbili.

Aliyebaki kukubali ni Bi Mwanaisha.

"Wewe umechezwa wapi?" kungwi alimuuliza Agatha.

"Masasi, Bi mkubwa. Malango, unyago wa kanisani."

"Hayo ni nusu."

"Niulize, basi."

Lakini kuulizwa kwenyewe ni kwa nyimbo, na nyimbo zenyewe haziimbwi wanaume wakisikia. Hivyo wanaume wote wakaombwa wasogee hadi kwenye mashamba ya mikorosho, Mwalimu Ashiru akiwa wa mwisho kuondoka. Koplo pekee alibaki, kwa mujibu wa makubaliano, amesimama mbali kidogo akiutazama mlango, vidole vimeziba masikio. Askari mwenzake anaapa kwamba kiatu kimoja kilikuwa kinapiga mdundo.

Agatha alifaulu. Furushi likafunguliwa nyuma ya pazia. Baada ya muda akatoka, akapekuliwa tena, akamkabili koplo akiwa na bunda mkononi.

"Bhangi hakuna. Silaha hakuna. Vitu vya unyago sikuviona," alisema. "Vitenge nimeviona. Vinane, vipya, kutoka ng'ambo, havijalipiwa."

Bi Mwanaisha alitoka nyuma yake akitazama chini, na wenzake wakagundua ghafla kwamba kuna kitu cha kuvutia sana upande wa pili wa barabara.

Namuuliza Agatha kwa nini hakunyamaza. Vitenge vinane havimuui mtu.

"Ningenyamaza, pazia lingeondoka," anasema. "Siku vingegundulika, koplo angesema pazia ni la kufichia magendo, na angekuwa na haki. Halafu mama yako na mama yangu wangepekuliwa barabarani maisha yao yote."

Ushuru ulilipwa. Banda halikuvunjwa, na amri ya mafurushi haikutajwa tena. Koplo Filemoni, tuliyemkuta akinywa chai palepale, anasema kwa ufupi: "Yule mama nikimuuliza, ananiambia. Nitake nini tena?" Bi Mwanaisha ndiye aliyenuna. Anapita, anaamkiwa, anaitikia, ananyoosha mikono, anapekuliwa, na chapati hali.

Wiki moja kabla ya ziara yetu lilitokea jambo ambalo Agatha analisimulia huku akicheka, kisha anaacha kucheka. Upande wa wanaume hakuna pazia. Mzee Bwanali wa Lisekese, mkulima mwenye wajukuu wengi, alitolewa vitu mfukoni mbele ya basi zima. Ndani ya koti lake likatoka gagulo jipya la waridi lenye lesi. Alikuwa amemnunulia mkewe, mwaka wa arobaini wa ndoa. Basi zima liliangua kicheko, na kijana mmoja akalipiga picha. Mzee alilikunja polepole, akalirudisha kifuani.

"Nilikuwa nimelilinda pazia la wanawake," anasema Agatha, "wala sikuwahi kuwaza kwamba mwanaume naye ana cha kusitiri."

Kijiji kimeanza kufyatua matofali ya chumba cha upekuzi. Agatha ameomba viwe vyumba viwili, na kwamba aletwe askari wa kike ili yeye arudi kwenye unga wake. Chumba cha kwanza kitakachoezekwa, ameshasema kwenye mkutano wa kijiji na hataki kubishiwa, kiwe cha wanaume.

Huku nje filimbi inapulizwa tena. Agatha anaipua chapati, lakini haendi kwa wanawake moja kwa moja. Anakishusha kitenge chake kutoka kwenye kamba, anavuka barabara na kumkabidhi koplo.

"Anza nacho wewe, afande," anamwambia. "Wanawake watanisubiri. Namwona Mzee Bwanali anashuka."