Ngoma ya Manju Barabarani Segese

Siku yangu ya kwanza kazini, Manju hakunipa fimbo ya kupigia ngoma. Alinipa mzigo wa nyasi kavu. "Tanguliza kiganja motoni," akasema. "Kiganja kikikataa, na ngozi imekataa."

Manju ndiye mtunzi na kiongozi wa kikundi, bosi wetu sote. Kazi yangu ilikuwa kuwamba ngoma, yaani kuivisha ngozi, na kuipasha kwa moto wa nyasi mpaka ilie sawasawa. Nimeifanya kuanzia Tinde hadi Kharumwa, kila baada ya mavuno. Mvua zikianza, ngoma zinatundikwa jikoni kwenye moshi, nasi tunashika majembe. Ngoma wakati wa kilimo? Thubutu! Manju angekufukuza.

Ndiyo maana nilishangaa aliponipigia simu mwaka huu, mvua zinanyesha. Wafanyabiashara wa Segese walikuwa na tamasha la barabarani, wakamwalika aimbe. Macho yake yalikuwa hayaoni tena, kifua kinambana.

"Mavuno siyafikii, mwanangu," akasema. "Njoo uipashe ngoma yangu, niisikie mara moja tu."

Basi likakwama kwenye matope. Nilipofika, vikundi vinapita na filimbi na njuga, watazamaji wamejifunika nailoni, na Manju keshasimamishwa katikati ya barabara, mkono begani kwa binti yake. Ngozi ya ngoma yake ilikuwa imelegea kwa mvua kama kitambaa kibichi. Nyasi kavu ningezitoa wapi? Nikaomba jiko la mkaa kwa mama muuza mahindi. Mshereheshaji akanihimiza kwenye spika: "Mzee, harakisha, watu wanasubiri!"

Kiganja kilikataa. Nilikisikia kabisa. Nikaisogeza ngoma karibu zaidi, ikapasuka.

Kwa kelele zile wengi hawakujua. Manju alijua.

"Ni yangu hiyo?"

"Ndiyo, Manju. Nisamehe."

"Kiganja kilikwambiaje?"

"Kilikataa."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliimba hivyo hivyo bila ngoma, sauti ikimezwa na spika. Tulimzika kabla mahindi hayajakauka.

Nimeacha kazi sasa. Vijana wakiniuliza siri ya ufundi nawaambia siri niliijua, ila siku ile nilitii spika. Ngoma niliiwamba upya. Baada ya mavuno binti wa Manju alikuja kuichukua, nikaipasha kwa nyasi, polepole, nikamwomba aipige kidogo.

Akapiga. "Iko sawa, baba?" akaniuliza.

Ilikuwa sawa kabisa. Nikaweka kiganja juu ya ngozi, bado ina joto.