Mkoba wa Miguu Miwili

Panya walianza na mfuko wa mipira. Kisha wakatoboa kitako, na tulipokumbuka kwenda kuuangalia, mkoba wa gofu wa baba yangu ulikuwa umegeuka nyumba ya kulelea watoto wao, pale kwenye ghala la mahindi nyumbani kwetu Bungoma, fimbo zikiwa bado ndani. Siwalaumu sana. Baba alikuwa ameteleza zizini akavunjika nyonga, na miezi yote aliyokuwa akijifunza kutembea upya, nani angeulizia habari za gofu?

Mimi nilikuwa nazifikiria kila siku, ila sikusema.

Baba ni daktari wa mifugo mstaafu. Alifanya kazi Kitale miaka mingi, akajifunzia mchezo huko, na alipostaafu na kurudi nyumbani aliendelea kuufuata kila Jumamosi. Nyumbani ni mtu wa redio. Mama ndiye msemaji wetu, anajibu hata maswali aliyoulizwa baba, na baba humwacha tu, anaongeza sauti ya taarifa ya habari. Ukitaka kusikia maneno yake mwenyewe, sharti umfuate kwenye nyasi.

Hilo nililijua nikiwa mtu mzima kabisa. Ndoa yangu ilipovunjika nikarudi Bungoma na masanduku yangu, kila mtu alikuwa na la kunishauri: mashangazi, majirani, akina mama wa kanisa. Baba peke yake alikaa kimya. Jumamosi moja akaniambia kwamba kedi wake, yaani yule aliyekuwa akimbebea fimbo, amehamia Suam kufanya biashara ya mpakani, basi niende nikambebee mimi. Nilinuna. Hasira zangu ziko karibu, na nilidhani ananitafutia shughuli kama mtoto anayesumbua. Nikaenda hivyo hivyo. Tulipofika shimo la tatu, hakuna mtu karibu, akasimama akiutazama mpira wake na kuniuliza, "Uko sawa, mama?"

Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nikaanza kusema na kulia kwa pamoja, na sikunyamaza mpaka shimo la sita. Hakunipa ushauri hata mmoja. Alipiga mpira, akasikiliza, akaomba fimbo nyingine, akasikiliza tena. Jumamosi iliyofuata tukaenda, na nyingine, na nyingine. Wenzake wa klabuni wakamtania, "Mzee, siku hizi uko na kedi ya digrii, bana," naye akacheka na wala hakutafuta kedi mwingine. Jumamosi hizo ndizo zilizonisimamisha tena kwa miguu yangu, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Ndiyo maana nyonga ilipovunjika niliogopa kuliko nilivyomwonyesha mtu. Niliogopa kwamba ataniambia ameacha. Mzee akiacha gofu, hapotezi kitu kikubwa. Atabaki na redio yake na ng'ombe wake. Mimi ndiye ningebaki na baba ninayemwona kila siku bila kumsikia.

Daktari alipomruhusu, alisema acheze polepole, atembee na bakora yake, na asiinue kitu kizito. Siku hiyo hiyo nikatangaza mezani kwamba namnunulia mkoba mpya. Mama akasema afadhali ningemnunulia blanketi. Baba akasema, "Tutaenda kuangalia," nami nikaondoka kuosha vyombo ili wasiione furaha yangu.

Kwa asiyejua, mikoba ya gofu ni ya aina mbili. Kuna wa kigari, mkubwa, wenye kitako kipana na mifuko ya kutosha kuhamia. Huo haubebwi, hufungwa kwenye kigari cha magurudumu ukasukumwa. Na kuna wa miguu, mwepesi, wenye mikanda miwili ya mabegani na vijiguu viwili vinavyochomoka ukiutua chini, ukasimama wenyewe kama mbuzi anayechungulia ua. Huo wa pili ni wa mtu wa kubeba.

Nilikuwa nimeshaamua kabla hatujafika Kitale. Mzee wa nyonga anunuliwe wa kigari. Atashika mpini wa kigari, utamsaidia hata kutembea. Na bahati ikawa upande wangu, maana katika lile duka dogo tuliloingia ya miguu ilikuwa imeisha. Ulibaki mmoja mweusi wa kigari, mzuri hasa, una mpaka mahali pa mwavuli. Baba akauzunguka na bakora yake, akaukagua kama ng'ombe wa mnada. Karibu aufungue mdomo ahesabu meno.

"Hebu inua," akaniambia.

Nikauinua. Ulikuwa mzito hata bila fimbo, nikaurudisha chini nikijitia hamnazo. "Utakaa kwa kigari, Baba."

"Na ile kilima ya shimo la saba? Mvua ikinyesha, kigari itapanda hiyo matope?"

"Tutasukuma polepole."

Akamshukuru muuzaji kwa upole, akasema tutafikiria, akatoka nje. Nilibaki nimeshika mkoba ule kama mtu aliyeachwa kwenye harusi.

Njiani nilishindwa kujizuia. Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha gari, na nikikasirika naendesha vizuri zaidi lakini naongea vibaya. Nikamwambia mambo ya kubeba mkoba begani yalikwisha, daktari amesema, na kama anangoja wa miguu basi anangoja nguvu ambazo hazitarudi. Tukaipita Kiminini, tukaipita Kimilili, yeye anatazama mashamba ya watu. Moyo uliniuma. Nikajua nimemwambia baba yangu kwamba amezeeka, na kwamba sasa atafika nyumbani, atawasha redio, na gofu itakuwa imeisha hivyo.

Ilikuwa siku ya soko Chwele, na mama alikuwa ameagiza mboga ya mrenda na ndizi. Nikaegesha, nikamwacha baba kwenye gari, nikaingia sokoni. Niliporudi na mizigo yangu, gari lilikuwa tupu. Nilimkuta kwenye kibanda cha mitumba, ameegemea bakora, anabishana kwa raha na kijana wa watu. Mbele yao kulikuwa na mkoba wa gofu wa bluu, umefifia kwa jua, umejaa mipini ya majembe.

"Mzee, hii ni ya kuweka mipini," kijana alikuwa akisema. "Ilikuja kwa bale ya mabegi. Mimi hata sijui ni ya nini. Ukiisukuma hivi inatoa miguu, ati nikafikiri ni ya kubebea bunduki."

"Toa hizo mipini," baba akasema. Kisha akaniona. "Kuja, mama. Weka hiyo mrenda chini. Geuka."

Nikageuka. Akanivika mikanda yote miwili, mmoja kila bega. Nilihisi vidole vyake vikivuta, vikilegeza, vikivuta tena, kama alivyonivika mkoba wa shule zamani. Akamwambia kijana arudishe mipini kadhaa ndani iwe mahali pa fimbo.

"Tembea kidogo."

Nikatembea kati ya nyanya na vitunguu, mipini ya majembe ikigongana mgongoni, watu wa Chwele wakinipisha na kunicheka. Nikarudi.

"Inakuuma bega?"

"Bega langu mimi?"

"Kwani ni nani atabeba?" akaniuliza. "Si daktari amesema mimi nisibebe? Ile ya Kitale, siku ya kwanza ungesukuma kwa hiyo matope, uchoke. Siku ya pili ungeniambia uko na kazi ofisini. Na mimi nitaongea na nani?"

Njia nzima nilikuwa nikipima nyonga yake, na yeye tangu dukani alikuwa akipima bega langu. Hakuwahi kufikiria kuacha. Machozi yalinitoka pale pale, na kwa kuwa tulikuwa karibu na vitunguu hakuna aliyeshangaa. Kijana akarudisha mipini yake chini, tukapatana, tukaondoka na mkoba.

Jioni hiyo, mama akiwa bado anauliza watu gani huenda Kitale kununua kitu wakakinunulia Chwele, baba alikaa barazani na mkoba magotini. Mikanda ile ya mitumba ilikuwa ikiteleza kwenye vifungo. Akaniita nisimame karibu, akapima tena, kisha akaifunga kila mmoja fundo, lile fundo lake la kufungia ndama, lisilolegea hata ndama avute namna gani.

Sasa tunacheza mashimo machache tu. Yeye hutangulia na bakora, mimi nafuata na mkoba, na akifika kwenye mpira nautua, miguu inachomoka, anachagua fimbo bila kuinama. Majuzi, tukianza kupanda kile kilima cha shimo la saba, mwenzake mmoja aliniona nikihema akataka kutuitia kedi wake anipokee.

"Asante, wacha tu," baba akamwambia bila kugeuka. "Hiyo mikanda nimefunga kwa kipimo yake."