Maganda ya Betri Jikoni

Nakumbuka siku moja ya masika, miaka michache baada ya uhuru, niliwasha moto kwa njiti moja tu ya kibiriti, na huku Mji wa Kale mzima ukilalamikia kuni mbichi. Nilijiona mjanja, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini, nimeolewa, nina binti mmoja wa miaka miwili, Zuhura, na nilikuwa siambiliki.

Mume wangu Athumani, Mungu amrehemu, alikuwa fundi katika gereji moja pande za Makupa. Kazi yake ilikuwa kupasua betri mbovu za malori na kutoa risasi, yale madini mazito ya ndani, ili iyeyushwe tena. Maganda yake yalitupwa. Yalikuwa meusi, magumu, na ndani mlibaki vibao vyembamba vya mti. Mvua zilipozidi na makaa yakawa hayashiki, Athumani akaleta gunia zima nyumbani. Loo, yalivyowaka! Hata yakilowa yaliwaka. Nikapikia wali, nikachomea mikate, na jivu lake nikasugulia sufuria mpaka zikang'ara. Zuhura alikuwa haniachi. Alikaa chini pale pale jikoni, akichora kwa kidole kwenye jivu, kisha kidole mdomoni.

Mama mkwe wangu, Bi Rukia, alikaa orofa ya juu. Siku hiyo alishuka, pembe ya leso imemziba pua.

"Wachoma nini humu, mwanangu?"

"Kuni, mama."

"Moshi wa kuni naujua tangu sijaolewa. Huu wakwaruza koo. Mtoe mwana humu."

Nikainamia moto nikauchochea, lakini moyoni nikasema bibi huyu hapendi kuona nyumba yangu imenyooka. Ndivyo tulivyo ujanani. Anayetuonya tunamwona hasidi.

Mvua zikapita, nami nikaendelea, maana nilikwisha kuzoea. Zuhura akaanza kukataa chakula. Tumbo likawa linamuuma, choo hapati, rangi imemtoka. Alikuwa mtoto wa maneno, akiwaita majirani kwa majina yao kutoka dirishani, lakini maneno yale yakawa yanapungua. Tukadhani ni jicho baya, tukamnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani. Asubuhi moja akashikwa na degedege mikononi mwangu, macho yamegeuka. Nikakimbia naye hospitali bila viatu.

Daktari alikuwa mtu mzima, mpole. Alimpima, akauliza baba yake anafanya kazi gani. Nilipomwambia, akaacha kuandika.

"Mnaleta nyumbani kitu chochote cha betri? Mnachoma?"

Hapa, mwanangu, ndipo ninapotaka unisikilize. Nyuma yangu palikuwa na benchi la wanawake, na wawili kati yao walikuwa wa mtaa wetu. Nimelelewa kwamba mambo ya jikoni kwako ni sitara. Hata ukilala na njaa, jirani asijue. Nikaona haya wasikie kwamba mimi, binti wa watu, napikia takataka za gereji.

"Hapana, daktari," nikasema.

Akaniuliza tena, taratibu. Nikaapa. Mungu anisamehe, niliapa.

Tukapewa dawa ya kutuliza degedege, tukarudi. Nilijiambia kwamba maswali ya madaktari ni mengi tu, na mtoto anahitaji kula upesi. Nikawasha maganda yale yale nikampikia uji.

Juma halikwisha, degedege likarudi, kali kuliko la kwanza. Safari hii Bi Rukia alikwenda nami, na ganda la betri amelifunga ndani ya leso. Akaliweka juu ya meza ya daktari mbele ya watu wote.

"Hili ndilo lachomwa kwetu," akasema. "Sasa mtibu mjukuu wangu."

Daktari akalitazama lile ganda, kisha akanitazama mimi. Alisema risasi imemwingia mtoto kwa moshi na kwa jivu, na sasa imepanda kichwani. Akaanza kusema kwamba lau angejua mapema, halafu akamgeukia mtoto. Hakunikemea. Mpaka leo natamani angenikemea.

Zuhura alipona mwili, akili ikabaki pale pale. Sasa ana mvi kichwani, na bado mimi ndiye ninayemvisha na kumlisha. Athumani alikufa akijilaumu peke yake. Sikuwahi kumwambia kwamba niliulizwa, nikakana. Niliona haya mbele ya majirani, kisha nikaona haya mbele ya mume wangu, na miaka ikapita hivyo.

Ninyi leo mna vitu vingi kuliko sisi: simu, kompyuta, televisheni, betri za kila namna. Vikifa mnavichoma uani mpate shaba, mnavivunja na mtoto yuko miguuni, vingine mnavitupa baharini halafu mnavua samaki hapo hapo. Usifanye hivyo, mwanangu. Kitu cha umeme kikifa, sumu yake haifi. Usikichome, usikipasue nyumbani, usikitupe jaani wala kisimani. Kipeleke kwa watu wenye kazi yao na vifaa vyao. Na kama hiyo ndiyo riziki yako, oga na ubadili nguo kabla hujambeba mtoto. Anayekuonya, hata kama humpendi, msikilize. Na daktari akikuuliza, mwambie kweli, hata mtaa mzima ukisikia. Wangenicheka mwezi mmoja, wakasahau.

Mungu akujaalie watoto wazima, wakuchoshe kwa maneno yao, wakue, wakuage waende kwao. Na siku yako ikifika, wao ndio wakuzike, nawe uende umetulia, usife ukiuliza, kama ninavyouliza mimi kila siku, kesho Zuhura wangu atalishwa na nani.