Sahani ya Bati Yenye Jina la Mama

Mwanangu, asubuhi ile niliyokimbia kijiji kizima cha Utende nikitafuta kijiko kimoja cha sukari naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Harusini walau nilivaa viatu.

Nilikuwa kijana bado, nimemaliza masomo ya usiku mwaka uleule, na cheti changu nilikitundika sebuleni juu kabisa, hata mgeni akitaka kukisoma lazima apande kiti. Basi mama akapatikana na kisukari. Muuguzi wa zahanati alitukalisha, akatueleza taratibu: vidonge anywe wakati gani, wali na mihogo apunguze, mboga za majani aongeze, na akishameza dawa asikae na njaa. Alisema mambo kumi. Mimi na daftari langu nikaandika moja: sukari ni sumu.

Siku hiyohiyo nikaisafisha nyumba. Sukari, asali, tende, hata kashata za watoto, vyote nikampelekea jirani yetu Bi Saada, mpika vitumbua. Nikasimama mlangoni kwake nikamhutubia mpaka vitumbua vya siku ile vikaungua vyote. Tangu hapo akaniita Daktari wa Usiku.

Halafu nikafanya kosa lenyewe. Kwetu wanawake na watoto walikula sinia moja, mkekani, kila mtu akila upande wa mbele yake. Na mama ndiye aliyekuwa mwenye samaki. Anachambua miiba, kisha kwa ncha za vidole anamsukumia huyu mnofu, yule mnofu, hata jirani aliyepita tu kuomba kaa la moto anaondoka ameshiba na moto kausahau. Mimi nikanunua sahani ya bati, nikaandika MAMA kwa rangi ya buluu iliyobaki tulipopaka mashua, nikamtenga: kigoda chake pembeni, na kabichi ya kuchemsha isiyo na chumvi wala nazi. Kabichi yenyewe ilitoka bara, ikafika imechoka kuliko abiria.

"Mwanangu, kwani kisukari kinaambukiza?" mama aliniuliza siku ya kwanza.

"Hapana, mama. Huu ndio utaalamu."

Akaenda kukaa kwenye kigoda. Mke wangu Zainabu akanivuta shati kwa nyuma. Sikumwelewa, au tuseme nilimwelewa nikajitia kiziwi.

Wiki nzima sahani ile ilirudi tupu, safi kama imeoshwa, nami nikatamba kijiji kizima. Wakati huohuo kuku wetu wakanenepa ajabu, jogoo akawa anatembea kama bwana harusi. Mambo hayo mawili sikuyaunganisha. Huo ndio ulikuwa usomi wangu.

Siku ya nane asubuhi nikasikia Zainabu anapiga kelele. Mama yuko kwenye kigoda, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, ananiita mimi kwa jina la dada yake. Alikuwa amemeza vidonge, na tumboni hamna kitu. Zainabu, ambaye kule zahanati alisikiliza wakati mimi naandika, akasema, "Sukari yake imeshuka! Lete sukari upesi!"

Sukari? Ndani ya nyumba yangu?

Nikatoka peku. Kwa Bi Saada niliona aibu, nikaanza kwingine. Nyumba ya kwanza imefungwa, ya pili wameishiwa, ya tatu hawakunielewa maana nilikuwa nalia. Mwanangu, aibu ile ilikaribia kuniulia mama. Mwishowe nikafika kwenye moshi wa vitumbua.

"Haya, Daktari! Leo unaitaka sumu?"

Aliponitazama usoni kicheko kikamkatika. Akachota kikombe, akatangulia yeye mbio, na kwa umbo lile la Bi Saada ardhi ilitikisika mpaka mjini Kilindoni.

Alhamdulillah, mama alikuwa bado anaweza kumeza. Tukamnywesha maji ya sukari, funda baada ya funda. Jasho likakauka. Akafumbua macho vizuri, akasema, "Saada, mbona umeipunja sukari?" Tukacheka na kulia kwa pamoja, kisha tukambeba moja kwa moja zahanati.

Muuguzi akauliza, "Jana mama alikula nini?"

Nikafungua daftari. "Kabichi. Sahani nzima."

"Kabichi ya jana waliila kuku," mama akasema taratibu.

Mchana, tukiwa tumerudi nyumbani, akavuka kutoka kisiwa cha Chole dada wa mama, Mama mkubwa Hidaya. Nikamlaki mlangoni. "Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba yako ingoje kwanza. Lete hiyo sahani."

Kunyimwa marahaba na mkubwa wako! Bora angenichapa bakora. Nikaileta. Akaigeuzageuza.

"Hapa umeandika nini?"

"Mama."

"Mimi sijui kusoma, lakini naona imeandikwa mgonjwa. Mdogo wangu anagawa samaki kwenye sinia tangu wewe hujaota meno. Umemwondoa pale, ukamweka pembeni kama mtu aliyeshtakiwa. Sasa atakula nini, hayo maandishi?"

Nikarudi nyuma mpaka mlangoni, mimi na cheti changu. Mama mkubwa na Zainabu wakaingia jikoni, wakayafuata maneno ya muuguzi yote. Matembele mengi, kunde, samaki changu wa kuchoma, tui jepesi, chumvi kidogo. Wali wakapakua upawa mmoja mdogo mbele ya kila mkubwa, si mama peke yake. Chai ikawa bila sukari nyumba nzima. Siku ya kwanza niliinywa nikakunja uso mpaka masikio yakasalimiana.

Mama akakaa mkekani, akamvuta samaki. Mnofu wa kwanza akamsukumia dada yake, wa pili Zainabu. Wa tatu akauinua juu, akanitazama nilivyosimama mlangoni.

"Na Daktari naye apewe."

Ndipo mama mkubwa akageuka. "Marahaba, mwanangu."

Mama aliishi na kisukari chake miaka mingi, akigawa samaki. Leo mimi mwenyewe nina presha, na mkwe wangu amepunguza chumvi ya nyumba nzima bila kuniuliza. Wajukuu wanalalamika, na wanakula.

Basi, mwanangu, akipatikana mgonjwa wa namna hiyo kwako, nenda naye kliniki, usikilize mpaka neno la mwisho, na usipoelewa uliza tena. Dawa asiiache, na akishaimeza ale. Mwenye kisukari umwekee sukari kidogo ndani kwa siku ya kutetemeka. Lakini zaidi ya yote, usimtenge. Badilisheni chakula cha nyumba, yeye abaki palepale kwenye sinia, mahali pake.

Sahani ile kuku wanaitumia kunywea maji mpaka leo. Rangi imebanduka, imebaki M moja tu. Mola akupe sikio la kusikiliza na mkono mwema wa kupika, na kila umpendaye akae kwenye sinia lako mpaka ashibe umri. Amina.